Sabufa ya ukumbini ndani ya sebule: jinsi ya kuiunganisha na kuipangia krosova

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, neno sabufa hutaja seti nzima ya muziki: boksi moja kubwa pamoja na vispika vyake vidogo viwili au vinne. Hapa ninalitumia kwa maana finyu zaidi, yaani boksi la besi peke yake, na hasa lile la kitaalamu lenye spika ya inchi 15 au 18 ambalo wengi wetu tumelizoea kanisani, kwenye kumbi za harusi na katika maduka ya vyombo vya muziki ya Kariakoo mjini Dar es Salaam au ya Luthuli Avenue mjini Nairobi. Mtu anayepanga sinema ya nyumbani huliangalia boksi hilo kwa matamanio, na matamanio yake yana msingi. Sabufa ya nyumbani yenye uwezo wa kweli mara nyingi ni ya kuagizwa kutoka mbali, ilhali boksi la ukumbini lililotumika hupatikana mjini, na spika yake ikiungua yuko fundi wa kuifunga koili mpya.

Hata hivyo, boksi hilo halikuundwa kwa ajili ya filamu, na anayelichomeka kwenye risiva (amplifaya ya sinema ya nyumbani inayogawa sauti kwa spika zote, si king'amuzi cha dishi) kama alivyolichomeka kwenye mikisa ya harusi atapata ama sauti isiyoridhisha au spika iliyokufa. Linahitaji kuwekewa mipaka miwili. Wa kwanza ni wa juu, yaani krosova, masafa ambayo sabufa na spika za kawaida hupokezana kazi, ambao kila mtu huuulizia. Wa pili ni wa chini, ambao karibu hakuna anayeuulizia, na ndio huo unaoua spika. Kwa hiyo nitaanza na wa chini.

Boksi la ukumbini linajua kufanya nini

Waya mnene kuliko zote katika gitaa la besi la nyaya nne hutoa noti ya takriban hezi 41, na mpigo wa ngoma ya mguu hukaa zaidi kati ya hezi 50 na 100. Mtengenezaji wa sabufa ya ukumbini hana sababu kubwa ya kwenda chini ya hapo. Kinachomsumbua ni kuujaza ukumbi wa watu mia tano kwa saa sita mfululizo bila koili kuungua, na kwa ajili hiyo hutengeneza boksi lenye tundu, au matundu, ambalo hewa yake imepangwa ivume kwenye hezi 35 hadi 45, akitumia koni (sehemu ya spika inayosukuma hewa) ngumu na koili kubwa inayostahimili joto. Matokeo yake ni kwamba boksi hilo, likipewa wati moja, hutoa takriban desibeli 95 hadi 100 kwa umbali wa mita moja, kiwango ambacho spika nyingi za sabufa za nyumbani haziwezi kukikaribia bila kupewa nguvu mara kumi.

Filamu nayo ina mahitaji mengine. Sauti ya filamu ina chaneli maalumu ya besi, LFE, ambayo hubeba masafa hadi hezi 120 kwa juu na hushuka hadi hezi 20, na wakati mwingine chini ya hapo, penye mngurumo usiosikika kwa sikio bali kwa kifua na kiti. Chaneli hiyo huchezwa kwa desibeli 10 zaidi ya chaneli nyingine, kiasi kwamba kwa kipimo rasmi cha kumbi za sinema vilele vya chaneli za kawaida hufika desibeli 105 mahali pa kukaa na vya LFE hufika 115. Nyumbani ni wachache wanaotazama kwa sauti hiyo, wala siwashauri, lakini hesabu hii inaonyesha ni kwa nini sabufa ndogo hukoroma mlipuko unapokuja wakati boksi la ukumbini halijaanza hata kuchangamka.

Kuna kanuni ya zamani inayohusishwa na Josef Anton Hofmann, mmoja wa waasisi watatu wa kampuni ya KLH ya Marekani: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na ufanisi mkubwa haviwezi kupatikana vyote kwa pamoja, utachagua viwili. Boksi la ukumbini limechagua ufanisi, na kwa sehemu udogo, maana ni lazima lipite mlangoni na kupanda pikapu. Besi ya chini kabisa ndiyo iliyoachwa. Wala usidhani kwamba wati nyingi zitairudisha, kwa sababu ili spika itoe hezi 20 kwa ukubwa uleule wa sauti ya hezi 40, koni yake inapaswa kusukuma hewa mara nne zaidi, na koni ya ukumbini haikupewa mwendo mrefu kiasi hicho.

Mpaka wa chini

Nilijifunza jambo hili kwa aibu. Rafiki yangu anayefanya kazi ya muziki wa harusi aliniazima boksi la inchi 18 kwa wiki ambayo hakuwa na shughuli, nikaliunganisha na risiva kupitia amplifaya yake, nikacheza muziki na kufurahi, kisha nikaweka filamu. Katika tukio moja la meli kuzama, boksi lilianza kugonga: kap, kap, kap, kama mtu anayebisha mlango kwa kijiko. Sauti ya besi yenyewe haikuwa kubwa hata kidogo. Nilipoelewa kwamba ni koili iliyokuwa ikijigonga kwenye bamba la nyuma la sumaku, ilikuwa imeshapinda, na nikalipia ukarabati.

Kilichotokea ni hiki. Boksi lenye tundu huilinda koni kwa msaada wa hewa iliyo ndani. Karibu na masafa ambayo boksi limepangiwa, hewa ya tunduni ndiyo inayofanya kazi na koni karibu husimama. Ukishuka chini ya masafa hayo, hewa huingia na kutoka tunduni bila kutoa ukinzani wowote, koni hubaki haina cha kuizuia, na hucheza mbele na nyuma kwa mwendo mkubwa huku ikitoa sauti ndogo mno. Kwenye harusi hatari hii haionekani kwa sababu muziki wa kawaida hauna mengi huko chini, na kwa sababu fundi mwenye busara ameshakata masafa hayo kwenye vyombo vyake. Filamu inayapeleka hukohuko kwa makusudi.

Hivyo, kabla ya jambo lingine lolote, tambua masafa ambayo boksi lako limepangiwa. Kama lina karatasi yake ya vipimo, soma hapo. Kama halina, na mengi ya mitaani yametengenezwa na maseremala wetu bila karatasi yoyote, fanya jaribio hili: weka programu ya kutoa toni kwenye simu, iunganishe na mfumo, na kwa sauti ndogo sana anza na hezi 60 ukishuka hezi moja moja hadi 25, huku umemulika koni kwa tochi. Utaona mwendo wa koni ukipungua, ukifika mahali karibu unasimama ilhali hewa inavuma kwa nguvu tunduni, kisha ukishuka zaidi koni inaanza tena kurukaruka. Mahali pale iliposimama ndipo palipopangiwa boksi. Usilifanye jaribio hili kwa sauti kubwa, maana ndilo hasa linaloweza kuharibu kile unachotaka kukilinda.

Ukishapata namba hiyo, tuseme hezi 38, weka kichujio kinachokata kila kilicho chini yake, kikianzia hapohapo au hezi chache chini, kama 34 au 35, kwa mteremko wa desibeli 24 kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapopungua kwa nusu. Risiva nyingi hazina kichujio hiki katika menyu zao, kwa hiyo kitatoka kwingine. Amplifaya nyingi za kitaalamu za siku hizi zina prosesa ya kidijitali ndani, yaani sakiti ya kuchuja na kupanga sauti, na hapo utakiweka kwa dakika mbili. Kama amplifaya yako ni ya zamani, nunua prosesa ndogo ya kuweka katikati, mfano wa miniDSP au zile za kumbini kama dbx DriveRack. Boksi lenye amplifaya yake ndani kwa kawaida limeshawekewa ulinzi huu kiwandani, na hilo ni jambo la kuzingatia unaponunua. Kwa asiyetaka kujifunza prosesa, boksi la aina hiyo ndilo ninalolipendekeza, hata kama bei yake ni ya juu kidogo.

Wapo wanaoziba matundu kwa sponji nzito ili boksi liwe la kuzibwa, kwa kuwa boksi lililozibwa hushuka taratibu zaidi, desibeli 12 kwa oktava badala ya 24, na koni yake hulindwa na hewa iliyofungwa. Ni njia halali kwa boksi lisilo na amplifaya ndani, na katika sebule ya kuta za tofali za saruji, ambayo haivujishi besi kama nyumba za mbao za Marekani, inaweza kukupa mngurumo ambao hukuutarajia. Lakini utapoteza sehemu kubwa ya ule ufanisi uliokuvutia, na tundu lililozibwa huzuia upepo uliokuwa ukipoza koili. Mimi huacha matundu wazi na kukubali kwamba boksi langu linaishia hezi 35.

Nyaya na viwango vya umeme

Risiva hutoa besi kupitia tundu la RCA, na boksi au amplifaya ya ukumbini hupokea kwa XLR. Tofauti hapa ni ya umbo la plagi na pia ya volti. Vyombo vya nyumbani kwa desturi hufanya kazi kwenye kiwango cha takriban volti 0.316, na vya kitaalamu kwenye volti 1.23, tofauti ya karibu desibeli 12. Hii ndiyo sababu mtu huunganisha vizuri kabisa kisha akalalamika kwamba sabufa ya ukumbini ina sauti ndogo kuliko ile ya plastiki aliyoiuza. Mara nyingi haihitajiki zaidi ya kuongeza geini (kiwango cha ukuzaji) ya amplifaya, kwa sababu risiva nzuri inaweza kutoa volti moja hadi mbili kwenye tundu lake la sabufa. Amplifaya inayofika nguvu zake zote kwa volti 0.775 itaridhika, na inayotaka 1.4 nayo kwa kawaida itatosheka. Ikibaki hafifu, kifaa cha kupandisha kiwango cha mawimbi, au prosesa yenye uwezo huo, kitamaliza tatizo.

Waya wa kuunganisha nakushauri umpe fundi autengeneze badala ya kununua adapta. Tumia waya wenye nyuzi mbili ndani ya kinga: uzi mmoja utoke katikati ya RCA uende pini ya 2 ya XLR, wa pili utoke kwenye ganda la RCA uende pini ya 3, na kinga iende pini ya 1, ikiungwa na ganda upande wa RCA. Kwa mpangilio huu pembejeo ya XLR inaweza kukataa sehemu kubwa ya kelele ambayo adapta ya kawaida ingeiingiza.

Kelele yenyewe ni ule mvumo wa hezi 50 unaotokana na vyombo kuungwa ardhini kwa njia mbili tofauti. Ukiusikia, chomoa kwanza waya wa antena au wa dishi kwenye king'amuzi, kwa sababu mara nyingi sana mkosaji ni huo. Mvumo ukikatika, umeshajua pa kushughulikia. Usikubali kamwe fundi akate pini ya ardhi kwenye plagi ya umeme ya amplifaya. Mvumo utaondoka, na siku amplifaya itakapovujisha umeme kwenye bodi yake hakutakuwa na njia yake ya kutokea isipokuwa mkono wako. Dawa sahihi ni transfoma ya kutenganisha mawimbi ya sauti, na iwe nzuri, maana zile ndogo za bei rahisi huharibu besi ya chini, nayo ndiyo tunayoitafuta.

Amplifaya za kumbi pia zina feni zenye kelele, ambazo ukumbini hakuna anayezisikia lakini sebuleni, filamu ikinyamaza, husikika kama jirani anayepuliza jiko. Iweke kwenye kabati lenye hewa au chumba cha pili.

Mpaka wa juu

Krosova ni mahali ambapo spika za kawaida hukabidhi kazi kwa sabufa. Namba inayotajwa kila mahali ni hezi 80, na haikutoka hewani: ndiyo iliyopendekezwa na THX, mpango ulioanzishwa Lucasfilm mwaka 1983 na mhandisi Tomlinson Holman, kwa hoja kwamba chini ya hapo sikio la kawaida haliwezi kutambua besi inatoka upande gani. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita nne, wakati masikio yetu yametengana kwa upana wa kichwa tu. Kwa hiyo hezi 80 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kuifanya sheria ni kosa.

Anza kwa kuiambia risiva kwamba spika zako zote ni ndogo, yaani uchague «Small» kwenye menyu, hata kama ni minara mirefu yenye bei iliyokuuma. Neno hilo halizungumzii ukubwa wa boksi; lina maana tu kwamba besi ya chini ya spika hiyo ielekezwe kwenye sabufa. Epuka mpangilio unaoitwa «LFE+Main», ambao hupeleka besi ileile kwa minara na kwa sabufa kwa wakati mmoja, kwa kuwa mawimbi ya sehemu mbili hupigana na matokeo hubadilika kutoka kiti hadi kiti. Kichujio cha LFE chenyewe kiache kwenye hezi 120. Hicho ni kitu tofauti na krosova ya spika, na anayekishusha hadi 80 anaitupa sehemu ya sauti ambayo mtengenezaji wa filamu aliiweka humo.

Kisha tazama spika zako zinaishia wapi. Chukua masafa ambayo sauti yao imeshuka desibeli 3, kama yalivyoandikwa kwenye vipimo vyao, na upandishe krosova juu yake kwa nusu oktava au zaidi. Spika ya rafuni inayoishia hezi 55 itafaa 80. Inayoishia 70 itataka 100. Vispika vidogo sana vinavyoishia 110 au 120 vitakulazimisha kupita 150, na hapo sabufa itaanza kusikika mahali ilipo. Ukiwa na vispika hivyo, iweke mbele karibu na runinga, na usifikirie kabisa kuificha nyuma ya kochi.

Hapa ndipo boksi la ukumbini linapotofautiana na la nyumbani kwa namna ambayo miongozo mingi haitaji. Sabufa ya nyumbani iliyotengenezwa kwa ajili ya hezi 20 mara nyingi huwa na koni nzito inayochoka ikipanda kuelekea hezi 100. Boksi la ukumbini ni kinyume chake: kati ya hezi 50 na 100 ndipo nyumbani kwake, ndipo penye ule mpigo unaogonga kifua. Kwa hiyo mwenye spika za wastani ana sababu ya kujaribu hezi 90 au 100 hata kama spika zake zingeweza kufika 80, kwa kuwa anazipunguzia mzigo na kuukabidhi kwa chombo kinachoupenda. Mimi nimetulia kwenye 90. Jirani yangu mwenye minara ya inchi 8 alijaribu 100, sauti za wanaume zikawa kama zinatoka pembeni mwa chumba, akarudi 80, naye ana haki.

Angalia pia kwamba usiwe na vichujio viwili vinavyofanya kazi moja. Boksi lenye amplifaya ndani mara nyingi lina krosova yake, pengine ya kuchagua kati ya hezi 80, 100 na 120. Risiva imeshakata, ukikata tena hapohapo, besi itashuka mara mbili na kuchelewa zaidi, na shimo litabaki kati ya sabufa na spika. Weka ya boksi juu kadiri inavyokubali, au izime, na uiachie risiva kazi hiyo.

Mteremko wenyewe kwa kawaida huuchagui: risiva nyingi hukata spika kwa desibeli 12 kwa oktava na sabufa kwa 24. Mpangilio huu ulifikiriwa kwa spika za boksi lililozibwa, ambazo zenyewe hushuka desibeli 12 nyingine, hivyo kwamba pande zote mbili hutimia 24 na kukutana kwa utulivu kama walivyoeleza Siegfried Linkwitz na Russ Riley mwaka 1976. Spika zako zikiwa na matundu, na nyingi zinayo, mkutano huo hauwi kamili, na ndiyo maana hatua ya fezi inayofuata, yaani kuyalinganisha mawimbi ya sabufa na ya spika yaende pamoja, hairukwi.

Sauti, mahali na fezi

Kabla ya kuendesha upimaji wa otomatiki wa risiva, weka geini ya amplifaya katikati. Upimaji ukimalizika, tazama namba ambayo risiva imeipa sabufa. Ikiwa imeshuka hadi mwisho wa kipimo, kwa mfano −12, maana yake amplifaya iko juu mno. Punguza geini na upime tena. Ikipanda upande wa chanya, risiva inajikamua na inaweza kukata vilele vya mawimbi kabla hata hayajafika kwenye amplifaya. Namba kati ya −6 na 0 inanitosha. Ukipima mwenyewe kwa mita ya sauti, chagua mizani ya C na si ya A, kwa sababu mizani ya A hupunguza hezi 63 kwa desibeli 26, nawe utadhani huna besi na kuongeza hadi dari la jipsamu lilie. Maikrofoni ya simu nayo haiaminiki kwa masafa haya.

Kuhusu mahali pa kuweka boksi, chumba kina kauli kubwa kuliko mwenye nyumba. Sebule ya mita 5 kwa 4 yenye dari la mita 3 huvuma yenyewe kwenye takriban hezi 34, 43 na 57, na katika masafa hayo kiti kimoja kitazama kwenye besi huku cha pili kikikosa kabisa. Pembe ya chumba huamsha mivumo yote hiyo kwa nguvu zaidi. Katikati ya ukuta huituliza baadhi. Vitabu husema uiweke sabufa juu ya kiti chako kisha utambae sakafuni ukitafuta mahali besi inaposikika vizuri, ushauri mwema kwa anayemiliki boksi la kilo 15. La inchi 18 linaweza kufika kilo 50, na kochi halitalipenda. Lisukume tu kwa magurudumu yake sehemu tatu au nne zinazowezekana, ukikaa kila mara kitini na kusikiliza au, bora zaidi, kupima kwa programu ya bure ya Room EQ Wizard na maikrofoni ya kupimia. Ukiwa na uwezo wa mawili, yaweke katikati ya kuta zinazotazamana. Viti vitalingana zaidi kuliko kwa boksi moja lenye nguvu maradufu. Baada ya hapo tumia ikweleza kushusha vilima tu. Mabonde usiyajaze, kwa kuwa bonde linatokana na mawimbi yanayofutana, na kila desibeli 10 unazoongeza hudai nguvu mara kumi bila bonde kujaa.

Fezi ndiyo inayoamua kama spika na sabufa zitasaidiana au zitafutana pale kwenye krosova. Cheza toni ya hezi ileile uliyochagua, tuseme 80, kupitia spika ya katikati na sabufa kwa pamoja, ukiwa na mita kitini. Geuza fezi ya sabufa kutoka 0 hadi 180 na uone wapi sauti inakuwa ndogo. Ukiwa hapo kwenye udogo, badilisha umbali wa sabufa katika menyu, hatua kwa hatua, hadi upate sauti ndogo kuliko zote, kisha irudishe fezi upande wa pili. Ni rahisi kwa sikio na kwa mita kutambua shimo kuliko kilele, na shimo likiwa refu ukiwa kinyume, ujue ukiwa sawa mkutano umekamilika.

Usishangae umbali huo ukisomeka mita 4.5 wakati boksi lako liko mita 3. Prosesa na vichujio huchelewesha sauti kwa milisekunde kadhaa, na kila milisekunde moja ni sawa na sentimita 34 za safari ya sauti hewani. Risiva inalijibu hilo kwa kujifanya boksi liko mbali zaidi. Anayesahihisha namba hiyo kwa futi ya fundi cherehani anaharibu kilichokuwa sawa.

Kuchanganya na sabufa ya nyumbani

Mwenye sabufa nzuri ya nyumbani asiitupe. Kwa kutumia prosesa yenye matokeo mawili anaweza kuwapangia majirani hawa wawili zamu: ya nyumbani ichukue kila kilicho chini ya hezi 45, na ya ukumbini ichukue kutoka 45 hadi krosova ya risiva. Kila moja hufanya ilichozaliwa kufanya. Gharama yake ni kwamba sasa una makutano mawili ya kupatanisha fezi badala ya moja, nami nisingemshauri mtu ayaanze haya kabla hajatulia na boksi moja kwa mwezi mzima.

Mwisho wa kazi, weka taarifa ya habari inayosomwa na mwanamume mwenye sauti nzito, na uzime na kuwasha amplifaya ya sabufa anapozungumza. Sauti yake ikihama kutoka kwenye runinga kwenda pembeni, au ikiwa kama anazungumzia ndani ya pipa, shusha krosova kwa hezi 10 na urudie hatua ya fezi. Isipobadilika kabisa mahali pake bali inapata tu kifua, umefika. Andika namba zote kwenye karatasi, yaani krosova, geini, umbali, fezi na kichujio cha chini, uibandike nyuma ya risiva, kwa sababu siku moja mtu nyumbani ataendesha upya ule upimaji wa otomatiki bila kukuuliza.